Kukokotoa kani za umeme, sumaku na mwanga kwa tensa ya mkazo: mwongozo wa hatua kwa hatua

Vyuo vikifunga na vijana wakirudi Malindi kutoka Nairobi, Mombasa na Kilifi, maswali ninayoletewa huwa ni yale yale. Tensa ya mkazo ya Maxwell ni ya kazi gani, ilhali kanuni ya Lorentz, ile ya kani ya uga juu ya chaji na mkondo, tunayo? Ile alama ya kutoa inatoka wapi? Mbona jibu langu ni nusu ya jibu la kitabu? Na mwanga, usio na uzito, unasukumaje kitu? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata kalamu ikiwa mkononi.

Jambo moja nataka ulishike tangu sasa. Tensa, yaani jedwali la namba linaloeleza jinsi uga (field) unavyovuta na kusukuma kila kipande cha uso, hukupa kani inayokishika kitu bila kukulazimisha kujua kilichomo ndani yake. Chaji zimejipangaje, mkondo unapita wapi, chuma ni cha aina gani: hayo yote unaweza kuyaacha. Unachohitaji ni uga kwenye ganda la kufikirika linalokizunguka kitu hicho. Kwa hiyo kazi yenyewe hasa ni kuchagua ganda. Fomula ni nyepesi, na wengi hukwama kwa sababu wanaikimbilia kwanza.

UNACHOHITAJI KABLA YA KUANZA

Uwe unazijua vekta, hasa zao la nukta na zao la msalaba, na uwe umewahi kufanya intigrali ya eneo hata mara chache. Si lazima uwe umesoma tensa. Tutatumia umbo la vekta, na matriksi itajitokeza mara moja tu kwa ajili ya wanaoulizwa kwenye mtihani.

Konstanti tatu, ya umeme, ya sumaku na kasi ya mwanga, ziandike pembeni mwa karatasi:

ε₀ = 8.854 × 10⁻¹² F/m
μ₀ = 1.257 × 10⁻⁶ H/m
c = 2.998 × 10⁸ m/s

Kikokotoo cha simu kinatosha. Ukitaka kufanya jaribio la Hatua ya 6, tafuta sumaku ya mviringo iliyotolewa kwenye spika iliyokufa (mafundi wa redio huwa nazo kwenye makopo yao), bamba nene la chuma, na mizani ya ndoano kama ile wanayopimia samaki bandarini.

HATUA YA 1: Chora ganda kabla ya kuandika fomula yoyote

Chora kitu unachotaka kujua kani yake. Kizungushie ganda, yaani uso uliofungwa pande zote usio na tundu. Kisha ujiulize mambo matatu.

Je, ganda limezingira kitu hicho peke yake? Likizingira na jirani yake, utapata jumla ya kani za wote wawili, na kama hao wawili wanavutana wao kwa wao tu, jumla hiyo ni sifuri.

Je, ganda linapita hewani au kwenye ombwe mwanzo hadi mwisho? Usilipitishe ndani ya chuma, plastiki, kioo wala maji. Ndani ya maada kuna mabishano ya zamani kuhusu namna ya kugawa msukumo (momentum) kati ya uga na maada, na huna haja ya kuyaingia. Pisha ganda nje, hata kama ni nusu milimita kutoka kwenye uso wa kitu, na mabishano hayo hayakuhusu tena.

Je, umelipitisha mahali ambapo uga ni rahisi? Tafuta mahali ambapo uga ni sifuri, au ni sawa kila pahali, au una ulinganifu. Hapa ndipo akili inapotumika. Kitu kimoja unaweza kukichorea maganda elfu, na yote yatatoa jibu lilelile, lakini moja litakuchukua mistari mitatu na jingine kurasa tatu.

Ganda ninalolipenda kuliko yote ni bapa pana linalopita katikati ya vitu viwili, kisha linafungwa nyuma kwa nusu tufe kubwa mno. Kwa chaji zilizotulia, uga hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo mkazo hupungua kwa kipeo cha nne, na eneo la nusu tufe hukua kwa mraba tu. Nusu tufe ikienda mbali, mchango wake unatoweka na bapa peke yake linabaki na jibu lote.

Onyo: ujanja huo haufai kwa mawimbi. Uga wa wimbi linalosambaa hupungua kwa umbali wenyewe, si mraba wake. Mkazo hupungua kwa mraba, eneo linakua kwa mraba, na mchango wa mbali haupotei hata uende wapi.

HATUA YA 2: Andika uga wote kwenye ganda

Uga wote maana yake ni uga wa nje pamoja na uga wa kitu chenyewe. Hapa ndipo waliozoea Lorentz wanapojikwaa. Kwa Lorentz unachukua chaji na kuipigia uga wa wengine, uga wake mwenyewe unauacha. Kwa tensa ni kinyume. Ukiweka kwenye ganda uga wa nje peke yake, kwa hali tulivu utapata sifuri kila mara, kwa sababu uga huo hauna habari kwamba kuna kitu ndani. Ukipata sifuri isiyoeleweka, rudi hapa kwanza.

HATUA YA 3: Geuza uga kuwa mkazo

Kwenye kila kipande kidogo cha ganda, chora mshale n wenye urefu wa 1, uliosimama wima juu ya kipande hicho na kuelekea nje. E ikiwa uga wa umeme na B uga wa sumaku, kani kwa kila mita ya mraba ni:

f = ε₀[(E·n)E − ½E²n] + (1/μ₀)[(B·n)B − ½B²n]

Hiyo ndiyo tensa ya mkazo ikiwa kazini. Ukiulizwa matriksi yake, kwa upande wa umeme vipengele vya kwenye mshazari ni Txx = ½ε₀(Ex² − Ey² − Ez²), na yy na zz vivyo hivyo kwa kubadilisha zamu. Vya nje ya mshazari ni Txy = ε₀ExEy na wenzake. Sehemu ya sumaku ina umbo hilohilo, ukiweka B mahali pa E na 1/μ₀ mahali pa ε₀. Txy ni sawa na Tyx, kwa hiyo namba za kutafuta ni sita, si tisa.

Kani nzima ni jumla ya f juu ya ganda lote, ukitoa kasi ya kubadilika kwa msukumo uliohifadhiwa na uga ndani ya ganda, yaani ε₀ mara E×B ikijumlishwa kwa ujazo. Kipande hicho cha pili ni sifuri kama hakuna kinachobadilika, na kwa wimbi linalojirudia wastani wake kwa mzunguko mzima ni sifuri. Kwa mshindo mmoja wa leza, usikisahau.

HATUA YA 4: Soma mkazo kwa macho

Kabla ya kujumlisha, itazame picha. Mistari ya uga huvuta kwa urefu wake na husukuma kwa ubavu wake, kwa kiasi kilekile: ½ε₀E² kwa umeme na B²/2μ₀ kwa sumaku.

Kuna kanuni moja ambayo vitabu vingi vinaipita haraka, nami naona ndiyo yenye faida zaidi katika mada hii yote. Kwa uga mmoja, wa umeme au wa sumaku, ukubwa wa f hautegemei pembe. Uga ukiinama kwa pembe θ kutoka kwa n, f huinama upande huohuo kwa pembe 2θ. Jaribu. Uga ukisimama wima juu ya ganda, θ ni 0 na f inavuta moja kwa moja nje. Uga ukilala juu ya ganda, θ ni 90°, 2θ ni 180°, na f inasukuma ndani. Uga ukikaa 45°, f inalala juu ya ganda lenyewe: haivuti wala haisukumi, inasugua pembeni. Ukiwa na mchoro mzuri wa mistari ya uga unaweza kutabiri mwelekeo wa kani kabla ya kugusa kikokotoo, na utabiri huo ndio utakaokuonya ukikosea alama.

Zipate pia namba mbili za kukupa hisia ya ukubwa. Hewa ya kawaida huanza kutoa cheche uga wa umeme ukifika takriban volti milioni 3 kwa mita. Hapo mkazo ni ½ × 8.854 × 10⁻¹² × (3 × 10⁶)², sawa na paskali 40 hivi. Uga wa sumaku wa tesla 1, ambao chuma cha kawaida kinaubeba bila shida, hutoa paskali 398,000. Tofauti ni mara elfu kumi. Ndiyo maana mota ya pampu ya kisima huzungushwa kwa sumaku.

HATUA YA 5: Jumlisha, ukianza na mfano ambao jibu lake unalijua

Usianze na kitu kigumu. Anza na chaji mbili zinazolingana, q na q, moja ikiwa juu kwa z = a na nyingine chini kwa z = −a. Jibu unalijua tangu sekondari: q²/(4πε₀(2a)²). Tulipate kwa tensa.

Ganda ni bapa la z = 0 pamoja na nusu tufe kubwa juu, likiizingira chaji ya juu. Kwenye bapa, vipengele vya wima vya chaji mbili vinafutana, na uga unabaki ukilala juu ya bapa, ukitoka katikati kwenda nje:

E = 2qρ / [4πε₀(ρ² + a²)^(3/2)]

ρ ni umbali kutoka katikati. Uga umelala, kwa hiyo f inasukuma ndani ya ganda kwa ½ε₀E². Ndani ya ganda ni juu. Tayari unajua chaji ya juu inasukumwa juu, bila hesabu.

Sasa jumlisha kwa pete za eneo 2πρ dρ. Utahitaji intigrali ya ρ³/(ρ² + a²)³ kuanzia 0 hadi mbali kabisa, ambayo ni 1/(4a²). Panga vipande:

F = ½ε₀ × [2q/(4πε₀)]² × 2π × 1/(4a²) = q²/(16πε₀a²)

Ni Coulomb, sawasawa. Kwa chaji za mikrokulombi 1 kila moja zikiwa sentimita 10 kutoka kwa mwenzake, ni newtoni 0.9.

Fanya tena wewe mwenyewe kwa q na −q. Safari hii uga unasimama wima juu ya bapa, f inageuka kuwa mvuto, na intigrali ni ya a²ρ/(ρ² + a²)³, ambayo nayo ni 1/(4a²). Kani ni ileile, mwelekeo umegeuka. Nakusihi usiuruke mfano huu. Asiyeuweza huu hataweza wa mwanga.

Onyo la alama: kwenye bapa hilo mshale n unaelekea chini, kwa sababu nje ya ganda ni chini. Ukitumia matriksi, Tzz ni hasi na nz ni hasi, na hasi mara hasi ni chanya. Wengi huandika n ya kuelekea juu kwa mazoea, kisha wanashangaa chaji zinazofanana zikivutana.

HATUA YA 6: Sumaku, kwa hesabu na kwa mkono

Sumaku ikigusa bamba la chuma, uga kwenye mwanya mwembamba kati yao husimama karibu wima. Pitisha ganda ndani ya mwanya huo na ulizungushe nyuma ya bamba, ambako uga ni mdogo. Kani ni B²A/2μ₀, A ikiwa eneo la uso wa sumaku. Kwa tesla 0.5 na sentimita 2 za mraba, unapata newtoni 20, uzito wa kilo mbili hivi.

Igeuze hesabu hiyo nawe utapima uga bila kifaa cha kupimia uga. Ichukue ile sumaku ya spika. Ifunge kamba imara kwenye ndoano ya mizani, ilaze juu ya bamba la chuma lililokazwa mezani kwa jiriwa, kisha vuta juu polepole, wima kabisa, ukitazama mshale wa mizani. Soma namba ya mwisho kabla sumaku haijabanduka, na utoe uzito wa sumaku yenyewe. Rudia mara kadhaa, kwa sababu ukivuta kwa pembe kidogo tu sumaku inabanduka upande mmoja kwanza na namba inashuka.

Tuseme imebaki kilo 1.3, na sumaku ina kipenyo cha nje cha sentimita 7 na tundu la sentimita 3. Eneo ni sentimita 31.4 za mraba. Kani ni newtoni 12.7, mkazo ni paskali 4,060, na B = √(2μ₀ × 4,060), takriban tesla 0.1. Kumbuka kwamba hiki ni kipeuo cha pili cha wastani wa B², si uga wa sehemu moja. Ukingoni uga unaweza kuwa mkali zaidi kuliko katikati. Rangi au kutu kwenye bamba huongeza mwanya na hupunguza namba, kwa hiyo lisugue kwa msasa kwanza.

Mota nayo ni hesabu ya mstari mmoja. Pitisha ganda la silinda kwenye mwanya wa hewa kati ya rota (sehemu inayozunguka) na stata (isiyozunguka). Kipengele cha uga kilichosimama, Bn, na kilicholala, Bt, hutoa mkazo wa kusugua BnBt/μ₀. Weka 0.8 na 0.03 za tesla: paskali 19,000. Rota yenye nusu kipenyo cha sentimita 5 na urefu wa sentimita 10 ina eneo la mita 0.0314 za mraba, kani ya pembeni ni newtoni 600, na mara nusu kipenyo unapata newtoni-mita 30. Tazama Bt ilivyo ndogo, na bado bila yake rota haisogei.

HATUA YA 7: Mwanga unaogonga uso moja kwa moja

Mwanga ni uga wa umeme na wa sumaku unaosafiri, kwa hiyo fomula ni ileile ya Hatua ya 3. Acha wimbi lisafiri kwa z, E ikiwa kwa x na B kwa y, na B = E/c. Ingiza. Mikazo ya x na y inafutana, umeme ukivuta pale sumaku inaposukuma. Kinachobaki ni z peke yake, ambako zote mbili zinasukuma, na jumla yake ni ε₀E². Mwanga husukuma mbele tu, na shinikizo lake ni sawa na nishati iliyomo kwenye kila mita ya ujazo ya mwanga huo.

E inapanda na kushuka, kwa hiyo wastani ni ½ε₀E₀², na hiyo ni sawa na I/c, I ikiwa wati kwa mita ya mraba. Kwa uso mweusi unaomeza mwanga wote, ndilo jibu.

Kwa kioo kamili, wimbi linalorudi linajumlishwa na linalokuja. Ganda likipita mbele kidogo tu ya kioo, E ni sifuri na B ni maradufu. B imelala, kwa hiyo inasukuma kwa (2B₀)²/2μ₀, ambayo kwa wastani wa wakati ni B₀²/μ₀, sawa na 2I/c. Mara mbili ya uso mweusi. Kwa uso unaoakisi sehemu R ya mwanga, ni (1 + R)I/c.

Namba sasa. Nje ya angahewa, jua kwa umbali wa dunia hutoa takriban wati 1,361 kwa mita ya mraba. Uso mweusi unapata mikropaskali 4.5, kioo kamili 9.1. E₀ ya jua hilo, kama lingekuwa wimbi moja safi, ni kama volti 1,010 kwa mita, na B₀ ni mikrotesla 3.4. Hakikisha mwenyewe kwamba B₀²/μ₀ inakurudisha kwenye 9.1.

Huku chini, mchana mweupe wa Malindi, chukua wati 1,000. Paa la mita za mraba 60 likimeza mwanga wote linasukumwa kwa newtoni 0.0002, uzito wa miligramu 20. Upepo wa kusi wa mita 8 kwa sekunde una shinikizo la paskali 38 hivi. Kwa tanga la jahazi la Lamu, upepo huo unaushinda mwanga wa jua kwa mara milioni kumi kama tanga lingekuwa jeusi. Hivyo usijaribu kupima shinikizo la jua barazani. Pyotr Lebedev huko Moscow, na Ernest Nichols na Gordon Hull huko Marekani, ndio walioipima kani hii mwanzoni mwa karne ya 20, na kazi yao kubwa ilikuwa kuitenga na msukumo wa hewa iliyopashwa joto.

HATUA YA 8: Uso ulioinama, na satelaiti

Mwanga ukija kwa pembe θ kutoka kwa mshale wa wima wa uso, mambo mawili hubadilika pamoja: eneo linalokutana na mwanga hupungua kwa cos θ, na mwelekeo wa kani hutegemea aina ya uso.

Uso mweusi: kani ni (I/c)A cos θ, ikielekea anakokwenda mwanga.
Kioo: kani ni 2(I/c)A cos²θ, ikielekea wima ndani ya kioo, popote mwanga utokeapo.

Kwa 60°, zote mbili zina ukubwa wa nusu ya (I/c)A, lakini mielekeo ni tofauti. Uwezo huo wa kioo kuchagua mwelekeo wa kani ndio unaofanya tanga la jua liweze kuongozwa. Chombo cha Japani kiitwacho IKAROS, kilichorushwa 2010, kilikunjua tanga la mraba la mita 14 kwa 14. Kwa kioo kamili kwenye umbali wa dunia ungetarajia milinewtoni 1.8. Iliyopimwa ni kama 1.1, na hilo si ajabu: utando hauakisi mwanga wote, sehemu yake ni seli za sola, na pembe haikuwa sifuri.

Mfano wa tufe ni mzuri kwa mazoezi. Jumlisha 2(I/c)cos²θ kwenye nusu ya tufe la kioo inayotazama jua, ukichukua kipengele cha kuelekea mbele tu, na utapata πr²I/c, sawa kabisa na tufe jeusi. Echo 1, puto la kung'aa la Marekani lenye kipenyo cha mita 30.5 lililorushwa 1960, lilikuwa na uso wa kukinga jua wa mita za mraba 730. Kani ni milinewtoni 3.3, na kwa chombo chepesi kiasi kile ilitosha kuiyumbisha njia yake kwa kiasi cha kuonekana.

Sisi wa Malindi tuna sababu ya karibu ya kuijali hesabu hii. Kutoka kwenye jukwaa la San Marco, lile linaloonekana baharini kutoka Ngomeni, ndiko iliporushwa Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksi ya angani. Hadi leo antena za Ngomeni zinazungumza na satelaiti. Chukua satelaiti ya kilo 1,000 yenye mita za mraba 10 za uso mweusi kuelekea jua. Kani ni newtoni 0.000045 na mchapuko ni 4.5 × 10⁻⁸ m/s². Ikisukumwa kuelekea upande mmoja mchana kutwa na usiku kucha, ½at² inatoa mita 170 kwa saa 24. Katika mzingo halisi mwelekeo hugeuka na mambo huwa na mikunjo zaidi, lakini anayetaka kujua satelaiti ilipo kwa usahihi wa mita chache hawezi kuipuuza kani hiyo.

JIBU LIKIKATAA

Jibu ni nusu au maradufu. Kwa mwanga, angalia kama umetumia kilele E₀ mahali pa wastani, au umechanganya I/c na 2I/c. Kwa umeme na sumaku tulivu, angalia kama umesahau −½E²n na kubaki na kipande cha kwanza pekee.

Jibu ni sifuri. Ama umeweka uga wa nje peke yake, ama ganda limezingira vitu vyote viwili.

Alama imegeuka. Chora n upya kwenye kila upande wa ganda. Kisha rudi kwenye picha ya Hatua ya 4 uone kama mistari inavuta au inasukuma.

Maganda mawili yanatoa majibu tofauti. Kwa hesabu ya mkono, moja kati yao halikufungwa: kuna upande umeusahau. Kwa programu ya kukokotoa uga kama FEMM, shida huwa ni wavu, yaani vipande vidogo ambavyo programu inagawanyia nafasi. Tensa inatumia uga uliopigwa kwa uga, kwa hiyo kosa dogo kwenye uga linakua. Pembe kali za chuma ndizo mbaya zaidi. Sogeza ganda mbali na chuma, lipite katikati ya mwanya, hakikisha kuna tabaka kadhaa za vipande vya wavu kati yake na kila uso, kisha ongeza wavu maradufu. Namba ikiendelea kuhama, usiiamini bado.

Uga uko ndani ya mafuta au maji. Kani juu ya chuma kilichozama huwezi kuipata kwa ganda la hewani, maana hakuna hewa. Hapa utahitaji tensa ya maada pamoja na shinikizo la kimiminika chenyewe. Usibadilishe ε₀ kuwa ε na kuendelea kana kwamba umemaliza.

Kijipangaboi cha kwenye balbu ya kioo (radiometa ya Crookes) kinazunguka kinyume. Hili huulizwa kila mara na aliyeiona video yake: vibawa vyeusi upande mmoja na vya kung'aa upande wa pili, kikiwekwa juani kinazunguka. Kwa hesabu ya Hatua ya 7, upande wa kung'aa ndio unaosukumwa zaidi, lakini kijipangaboi huzunguka kana kwamba weusi ndio unaosukumwa. Hesabu yako ni sahihi. Ndani ya balbu mmebaki hewa kidogo, upande mweusi unapata joto zaidi, na hewa hiyo kwenye kingo za vibawa husukuma kwa nguvu nyingi kuliko mwanga. Ukiondoa hewa hadi ibaki kidogo mno, mzunguko huo husimama.